Jirani wa Ghorofani Katika Khitma Yetu

Mwaka ule nilikuwa natafuta mhusika mkuu wa riwaya. Nilipompata, nikagundua kwamba familia yetu imekuwa ikimsomea khitma tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

Khitma yetu husomwa Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nyumbani kwa bibi yangu, Bawshar, hapa Maskati. Zamani wanawake walikusanyika tangu asubuhi wakaisoma Kurani nzima pale pale, juzuu zote thelathini, kwa ajili ya marehemu wetu. Siku hizi juzuu hugawiwa kwa WhatsApp. Jumatatu bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi, hutuma nambari kutoka moja mpaka thelathini, na kila mmoja huandika jina lake mbele ya nambari anayoitaka. Ya thelathini, yenye sura fupi ambazo wengi tunazijua kwa moyo, huondoka ndani ya dakika moja, na siku zote huondoka na binamu yangu yule yule, ambaye sijapata kumwona akijibu ujumbe mwingine wowote. Mimi nikiamka hukuta imebaki ya pili. Kila mtu husoma sehemu yake alipo: kwenye gari akisubiri watoto watoke skuli, kwa daktari, jikoni. Ijumaa baada ya Alasiri tunakutana kwa yaliyobaki, ambayo ni majina, dua, na masinia ya chakula.

Majina yamo katika daftari la skuli lenye jalada la buluu. Bibi alipewa na mavyaa wake, mama wa marehemu babu, siku alipoondoka Unguja, wakati watu wengi walikuwa wakiondoka na vitu vichache. Mavyaa alikuwa ameyanakili kutoka karatasi ya zamani zaidi, na yeye aliyemwandikia karatasi ile alikuwa ameyanakili pia. Hakumpa bibi maelezo. Alimwambia neno moja tu: asipungue mtu. Bibi akalitia daftari ndani ya sanduku, chini ya nguo, akaja nalo Maskati.

Tangu hapo ameongeza majina, hajapunguza. La kwanza kuongeza lilikuwa la mama yake mzazi, aliyebaki kule, akafa, na khabari zake zikafika baada ya miezi. Wapi alizikwa, bibi hajui. Alituma watu kuuliza mara mbili, wakarudi na majibu mawili tofauti.

Jina la kumi na tisa si jina. Liko baina ya shangazi mmoja aliyekuwa mkunga na kichanga aliyeishi siku saba, na limeandikwa hivi: jirani wa ghorofani. Bibi alikuwa akilisoma kwa sauti ile ile aliyowasomea wengine, nasi tukiitikia, Mungu amrehemu. Nilipokuwa mdogo nilimfikiria kama mzee wa Kiarabu mwenye kikohozi, anayeshusha kikapu kwa kamba. Sikuuliza. Hakuna aliyeuliza. Jirani ana haki zake, na tulidhani hii ni mojawapo.

Sasa riwaya. Tulikuwa waandishi sita tuliokutana kila Jumatano kwenye mkahawa mmoja hapa Bawshar, mahali penye kiyoyozi kikali kiasi kwamba mashairi yote yaliyosomwa pale yalitaja baridi. Watano kati yetu tulikuwa tunaandika riwaya kuhusu bibi zetu. Kila bibi alikuwa na sanduku, na kila sanduku lilikuwa na siri. Siku moja nilirudi nyumbani nikaichoma riwaya yangu, maana yake nililifuta faili halafu nikalirudisha halafu nikalifuta tena, nikaapa kuandika juu ya mtu ambaye si bibi wa mtu yeyote. Nilitaka mtu wa mbali kabisa. Nikachagua mfanyabiashara wa Kimarekani wa zama za mwanzo za nchi yao, aliyefanya biashara Unguja kisha akarudi kwao akafungua benki. Barua zake na za mkewe zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kimoja huko, na mtu yeyote mwenye simu na macho mazima anaweza kuzisoma.

Nilizisoma kwa miezi minne. Baba yake aliuza samaki wa chumvi katika mji wa bandari wa kaskazini wenye baridi. Yeye mwenyewe alipanda merikebu akiwa kijana wa miaka kumi na saba kama karani. Alioa binti wa fundi wa mapipa, akakaa naye siku arubaini, akasafiri. Akaja Unguja kuuza nguo na kununua sandarusi na pembe za ndovu, pembe ambazo hakuandika hata mara moja zilibebwa na nani mpaka zikafika pwani. Alirudi kwao kila baada ya miaka miwili au mitatu, na watoto wao watano wamepangika kwa safari hizo kama vituo njiani. Alipochoka na bahari alirudi moja kwa moja, akafungua benki na shemeji yake katika chumba cha mbele cha nyumba, na akawa mweka hazina wa kanisa. Mke wake alikuwa ameendesha kila kitu peke yake kwa miaka mingi, na hakuzoea kumwona nyumbani mchana. Katika barua kwa dada yake anasema amemuuliza mumewe mara mbili kama hana shughuli yoyote baharini. Mtoto mmoja wa kiume alirithi benki. Mwingine alikwenda magharibi ya nchi yao na hakuandika tena, na baba akaendelea kumwandikia miaka kumi na moja, kila barua ikiwa na habari za hali ya hewa.

Alikuwa mtu wa kuchosha kidogo, na nilimpenda mno. Nilitembea naye kila mahali. Nilipokuwa kwenye barabara kuu kuelekea Mabela, magari yamesimama na jua linachemsha lami, nilimweleza kimoyomoyo kwamba hizi ndizo merikebu zetu, na kwamba sisi pia hatufiki.

Kisha nikafikia barua inayoeleza nyumba aliyopanga. Ni nyumba ya mawe karibu na forodha, anasema, na yeye yuko ghorofani, wenye nyumba wako chini. Kuna birika la maji uani. Kipandio cha tano cha ngazi kimelegea, kimemwangusha mara mbili, na mwenye nyumba amemwambia kitatengenezwa kesho. Nikaangalia tarehe, nikafungua barua ya miaka minane baadaye. Kipandio cha tano kilikuwa bado kinatengenezwa kesho.

Niliacha kusoma. Bibi yangu ana ngazi ya marumaru, imara kama mlima, na akiipanda, kwenye kipandio cha tano hunyanyua mguu juu kupita kiasi. Ukimuuliza atakwambia, kule nyumbani kwa wakwe cha tano kilikuwa kibovu, tumekizoea. Birika uani, forodha karibu, wenye nyumba chini: ndivyo anavyoieleza nyumba ile. Nikachukua ufunguo wa gari.

Kosa langu lilikuwa la furaha. Ilikuwa Jumanne, khitma ilikuwa Ijumaa, na bibi mdogo alikuwepo. Bibi mdogo alisomesha dini katika skuli ya wasichana mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumbadilisha. Niliingia bila hata kukaa.

"Bibi, nimempata jirani wa ghorofani!"

"Kwani kapotea lini?" bibi akasema.

Nikawaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mikono. Nilipomaliza, bibi mdogo aliweka kikombe chini.

"Mmarekani?"

"Ndiyo, bibi."

"Kasilimu?"

"Hapana. Alikuwa mweka hazina wa kanisa."

"Kumbe hata si Mkristo wa jina tu. Na kazi yake?"

"Mfanyabiashara. Baadaye akafungua benki."

"Ya riba?"

"Bibi, wakati ule benki zote..."

"Nnakuuliza, ya riba au si ya riba?"

"Ya riba."

Bibi mdogo akamgeukia dada yake. "Na riba juu."

Bibi alikuwa ameshika daftari, kwa sababu wiki ya khitma hulitoa mapema na kuliweka karibu, kama mtu anayetarajia wageni.

"Mfute, dada," bibi mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Asiyejua hana lawama. Ila sasa tunajua. Mwanao huyu kashatujulisha, Mungu amsamehe. Ntakuwa nnaitikia nini mie hiyo Ijumaa?"

"Nliambiwa asipungue mtu."

"Aliyekwambia hakujua."

"Alijua," bibi akasema. "Nyumba yake mwenyewe, asijue nani yuko juu?"

Bibi mdogo alirudi Mabela bila kumaliza chai. Mlangoni akaniambia, "Weye na vitabu vyako. Ungeandika mambo ya mapishi." Kisha akanibusu, maana hajapata kuondoka bila kunibusu.

Jumatano sikwenda mkahawani. Nilikwenda kwa bibi nikamkuta amekaa pale pale, chakula cha mchana kimefunikwa. Dada wa Kiganda anayemsaidia kazi, mwanamke wa makamo yangu kutoka Masaka, alinionesha sahani kwa macho. Wali haukuguswa.

"Bibi, mbona hukula?"

"Nna shughuli."

Nikakaa chini karibu yake. Shughuli yenyewe ilikuwa kalamu. Alikuwa nayo mkononi, na daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wa jina la kumi na tisa.

"Nikimfuta huyu," akasema, "nitakuwa nimefungua mlango. Mie si mtu wa kukaa sana tena. Daftari litakwenda kwa mwengine. Na huyo mwengine atasema, ahaa, kumbe hufutwa. Huyu nani? Hatumjui, mfute. Na huyu mwanamke kazikwa wapi? Haijulikani. Mfute." Aligeuza kurasa mpaka kwenye mstari alioandika yeye mwenyewe, wa mama yake, kwa wino uliofifia. "Huyu hana pahala pengine, mwanangu. Yumo humu tu."

"Basi usimfute."

"Nisimfute, mdogo wangu asitie mguu humu Ijumaa? Wanawake wote watauliza kwa nini. Nitawaambia nini? Na pengine yeye ndiye mkweli. Miaka yote hii nnasimama mbele ya Mungu na mtu simjui." Alifunga kalamu. "Alikuwa na watu, huyo wako?"

"Vipi, bibi?"

"Watu. Mke, watoto. Au alikuwa peke yake tu kama jini la ghorofani?"

Nikamwambia nitamletea barua.

Alkhamisi niliwakuta wote wawili. Bibi mdogo alikuwa amepitia Hamriya kununua nazi na muhogo kwa ajili ya masinia ya Ijumaa, na ameamua kuzungumza na dada yake juu ya nazi tu. Waliongea juu ya nazi kwa muda mrefu. Dada wa Masaka alikuwa kwenye kona anakunja nguo. Nikafungua kompyuta, nikaanza kuwatafsiria maisha ya mtu yule, kwa mpangilio, tangu samaki wa chumvi.

Bibi alisikiliza kama anayeposewa mjukuu. Mke alikuwa binti wa nani? Fundi wa mapipa, kazi ya mikono, vizuri. Walikaa siku arubaini tu? Maskini. Nilipofika kwenye mke anayemuuliza mume kama hana shughuli baharini, bibi mdogo alicheka, halafu akakumbuka kwamba hacheki. Walitaka kujua watoto, mmoja mmoja. Nikawatajia wanne.

"Ulisema watano," bibi akasema.

Nilikuwa nimesema watano. Wa tano alikuwa binti. Nilikuwa nimemwandika katika sura ya tatu ya riwaya, na wenzangu wa Jumatano wakaniambia kwamba mtoto anayekufa ni njia rahisi, msomaji atahisi anavutwa sikio. Nikamtoa. Sura ikawa safi zaidi, kila mtu alisema hivyo, nami nikawa sijaifungua barua ya kifo chake tena tangu siku hiyo.

Niliifungua. Binti yao alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, baba yake akiwa Unguja. Barua ya mke ilichukua miezi mitano kufika. Yeye anamjibu mkewe kwamba aliisoma asubuhi, akafunga mlango, hakumwambia mtu yeyote, wala karani wake. Alikaa juu ya sanduku. Jioni ile mtumishi wa nyumba ya chini alipanda na sinia, wali na samaki na buli la kahawa, akaliweka mlangoni. Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Siku ya tatu alisikia wanawake chini wakisoma, nayo haikuwa siku yao ya kusoma, kwa maana siku yao aliijua, aliwahi kuilalamikia. Anamwandikia mkewe kwamba hajui watu wale walijuaje. Hakuna aliyewaambia. Anachoweza kufikiri ni kwamba yeye ana mazoea ya kutembea chumbani huku na huku anapofanya kazi, juu ya vichwa vyao, kutwa nzima, na siku zile tatu hakutembea.

"Walimsikia hatembei," bibi akasema.

Bibi mdogo alikuwa anaangalia nazi.

"Mama, samahani." Ilikuwa sauti kutoka kwenye kona. Dada wa Masaka alikuwa bado na shuka mikononi. "Huyo mtoto alikosa nini?"

"Nani kasema kakosa?" bibi mdogo akasema.

"Nauliza tu. Baba ana kanisa, ana benki, sawa, hayo ni yake. Mtoto wa miaka minne ana benki?"

"Nawe umeanza kutoa fatwa?"

"Aa, mimi natoa nguo kwenye kamba tu, Mama."

Nilimwona bibi mdogo anarudi darasani, mbele ya ubao, mbele ya wasichana arubaini. "Mtoto hana dhambi," akasema taratibu, kama anayejisahihishia daftari mwenyewe. "Mtoto yeyote. Wa nani, wa nani, hilo haliulizwi. Hilo nimelisomesha mie."

"Basi huyo ndiye waliyekuwa wanamsomea," bibi akasema.

Nikiwa mtu wa haki kupita faida, nikasema hatuwezi kujua. Barua haisemi kwamba aliandikwa popote. Karatasi ya zamani ilisema jirani, haikusema mtoto. Pengine walimwandika baba mwenyewe baada ya miaka, waliposikia amekufa. Pengine ni jirani mwengine kabisa.

"Weye hujui," bibi akaniambia, bila ukali. "Mie nimekaa nyumba ile. Ukiwa chini unasikia kila kitu." Akafungua kalamu. "Soma jina la mtoto."

Nikalisoma. Halikumwingia mdomoni, akajaribu mara tatu, kisha akasema litatosha bila jina, hata baba yake tumemsomea bila jina na hakulalamika. Akainama juu ya daftari. Kabla ya maneno jirani wa ghorofani kulikuwa na nafasi ndogo ukingoni, na pale, kwa herufi za kubanana, akaandika: mtoto wa.

Bibi mdogo alisogea kuangalia. "Lakini baba bado yumo."

"Yumo kama baba."

"Dada."

"Nliambiwa asipungue mtu," bibi akasema. "Sikuambiwa asizidi." Akapuliza wino. "Na weye utaitikia, kwa sababu unamuitikia mtoto."

Bibi mdogo alifikiri kwa muda ambao nazi moja ingekunwa. Kisha akasema muhogo mwaka huu una nyuzi, na hivyo nikajua limekwisha.

Chakula cha jana kilipashwa moto. Bibi akala chote, akaomba pilipili.

Nilirudi nyumbani nikafungua riwaya. Sura ya tatu ilikuwa safi mno, haina kitu. Nilimrudisha mtoto, na pale ambapo zamani nilikuwa nimeandika kurasa sita za kilio cha baba, niliandika mtu anayekaa juu ya sanduku na watu wa chini wanaosikiliza dari. Ukurasa mmoja na nusu. Wenzangu walisema ni njia rahisi. Inawezekana.

Ijumaa walikuja wanawake kumi na saba. Juzuu zote zilikuwa zimesomwa, ya pili nikiwa nimeimalizia ndani ya gari mbele ya nyumba, injini inawaka. Bibi alikaa mahali pake, akavaa miwani, akafungua daftari. Halafu akaivua miwani akanikabidhi daftari.

"Soma weye leo. Macho yananisumbua."

Macho yake hayakuwa na tatizo. Asubuhi ile ile alikuwa ameona unywele kwenye unga kutoka upande wa pili wa jiko. Lakini wanawake walikuwa wanasubiri, nikaanza. Nilisoma wazee wa kwanza, nikasoma shangazi mkunga, nikasoma mtoto wa jirani wa ghorofani, na kati ya sauti zote zilizoitikia niliisikia ya bibi mdogo, wazi, ya mwalimu. Nikamsoma kichanga wa siku saba. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikaenda mbele, kurasa zikabadilika wino na mkono, mpaka nikafika kwenye mwandiko wa bibi mwenyewe.

Mstari ule hajapata kuusoma mtu mwengine. Kwa miaka yote ni yeye aliyelitamka jina la mama yake, na mtu anayesoma haitikii. Nilisoma polepole, na jina la baba wa mama yake, na la babu. Bibi alikuwa amekaa na mikono wazi magotini kama wanawake wengine. Akaitikia. Alichelewa kidogo, sauti yake ikabaki peke yake mwishoni.

Bibi mdogo akaniambia nimekosea jina la babu, kh yake haikutoka vizuri. Nikausoma mstari tena, na bibi akaitikia tena.